Mahari, Mahali, na Ubao wa Bwana Ndaki

Tumemzika Faustini Masatu kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, Jumamosi iliyopita. Nilivuka na meli ya asubuhi, na magoti yangu haya haya, kwa sababu mtu mliyekula naye sinia moja miaka mingi huwezi kumwacha aende bila kumtupia udongo. Nilikaa chini ya turubai upande wa wanawake, na mpwa wake akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Akasoma alivyozaliwa, akasoma shule alizopita, nikawa nasinzia. Kisha akasoma kwamba marehemu ndiye aliyeuingiza uchapaji wa kisasa Mwanza, kwamba kwa kompyuta yake kazi ya wiki nzima ilikwisha kwa siku moja, na kwamba kiwanda chetu hakikupata kumwona mtu mwenye uzalishaji kama wake. Hapo usingizi ukanitoka. Nikavuta kanga nikajifunika mdomo, na mama mmoja jirani yangu akanishika bega akaniambia pole, bibi, ndiyo dunia. Alidhani nimezidiwa na majonzi. Nilikuwa nacheka.

Simchukii marehemu. Alikuwa na roho nzuri na meno mazuri, na nitasema mbele huko alivyokuwa mwema kuliko mimi. Lakini uongo ukisomwa kwa kipaza sauti mbele ya kaburi lililo wazi unageuka kuwa historia, na historia ile mimi niliikunja kwa mikono yangu, karatasi moja baada ya nyingine. Walipotugawia chakula, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, nilikaa karibu na mtu na mke wake, Baraka na Jeni, wenye duka la stationery kule Nyakato wanakochapa kadi za harusi na kalenda. Waliniamkia vizuri, shikamoo bibi, marahaba, kisha wakaendelea na ugomvi wao, maana kila mmoja ana programu yake ya kupangia kurasa na kila mmoja anaisifu kama mchumba. Baraka akasema yeye kwa siku anatoa kadi tatu, mke wake na hiyo yake anatoa moja. Jeni akamwambia, akiwa anachambua mwiba, kwamba katika hizo kadi zake tatu, mbili hurudi. Nikampenda yule binti palepale. Nilitaka kumwambia kwamba vita hiyo nimeipigana kabla yeye hajazaliwa, ila mdomo ulikuwa na samaki. Ndiyo maana naiandika hapa.

Mwaka ninaousema ni ule kompyuta zilipoingia kiwandani kwetu Igogo. Sikuwa msichana tena, lakini nilikuwa bado na macho, na macho ndiyo yaliyoniweka mjini. Shule nimeishia darasa la nne. Kusoma hasa nilifundishwa na mzee Kishosha, aliyekuwa akipanga kwa mkono herufi za kuchapia za madini ya risasi, moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Herufi za risasi zimegeuka, zinatazama nyuma, kwa hiyo mimi nilizoea kusoma kinyumenyume kabla sijazoea kusoma sawasawa, na mtu wa namna hiyo neno halimpiti kirahisi. Mzee Kishosha alipostaafu na kiwanda kikaanza kuletewa kurasa zilizopigwa taipu, zile herufi zote ziliuzwa kwa wavuvi wa Mwaloni. Waliziyeyusha wakafanya vyuma vya kuzamishia nyavu. Nilizisaidia kwenda, a, e, i, zote, kwenye ndoo. Mimi nikabaki na meza ya kusahihisha: kila ukurasa ukitolewa kwenye karatasi ya majaribio, tuliyoiita prufu, ulikuja kwangu na kalamu nyekundu. Watu waliosoma hadi chuo wameandika barua kumuuliza mkubwa wetu kama Teresia amepitisha. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mwanamke wa darasa la nne aliuliziwa hivyo.

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye bati la juu lililolia kwa joto kuanzia saa nne. Mlangoni mashine kubwa ya kuchapia, katikati meza yangu na meza ya Mama Skola aliyekuwa akikunja na kushona, na nyuma kabisa, mahali palipokuwa stoo ya karatasi, Bwana Ndaki aliweka pazia, feni, na kompyuta mbili. Bwana Ndaki ndiye mwenye kiwanda. Ni Msukuma wa Misungwi, mtu wa tumbo na saa kubwa, na herufi ya r hakuwa na matumizi nayo. Aliniita Telesia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa ameuziwa kompyuta zile na wachuuzi wawili tofauti, na kila mchuuzi alimwekea programu yake na kumwapia kwamba ya mwenzake ni takataka. Majina yake yalikuwa ya kizungu, sisi tukayapa yetu. Ya kwanza ilikuwa na ukurasa katikati na nafasi tupu pembeni ambapo unaweza kutupa picha na maneno yakasubiri, kama juu ya meza, tukaiita Meza. Ya pili haikukubali hata nukta mpaka uichoree kisanduku cha kukaa, tukaiita Maboksi.

Meza alipewa Faustini, kijana wa Nansio, vidole kama mvua juu ya bati. Maboksi alipewa Renatus Lubinza, na Renatus alikuwa adhabu ya aina yake. Alikuwa anaweza kuanza asubuhi kuchora kisanduku cha kichwa cha habari, akakisogeza unywele kwenda kulia, akarudi nyuma akakitazama kwa jicho moja, akakisogeza unywele kwenda kushoto, mpaka Mama Skola anapakua michembe ya mchana, vile viazi vikavu, yeye bado anajenga nyumba ya maneno matatu. Faustini kwa muda huo ameshapanga kurasa kumi na anapiga mluzi. Wakati wa wadudu wa ziwani, wanapoingia kama moshi na kufuata mwanga, walikuwa wanajaa kwenye vile vioo, na Faustini alikuwa anawapuliza huku anaendelea. Ukurasa mmoja ulinijia na mkato katikati ya neno, nikauwekea duara jekundu, kumbe ni mdudu. Wote wawili walijiona mainjinia. Sisi tulikuwa wakunjaji.

Basi Bwana Ndaki akaamua kuzipima zile programu. Alitundika ubao kwenye nguzo, akaugawa kwa mstari, Meza huku, Maboksi huku, na kila jioni alikuwa anakuja na chaki na saa yake kuandika kurasa zilizotoka. Zilizotoka wapi? Zilizotoka nyuma ya pazia. Ukurasa ukishavuka pazia umeshahesabiwa, hata ukiwa umevaa shati kinyume. Zile nilizozirudisha na wekundu wa kalamu hazikuwa na safu yao, na saa nilizokaa juu yake hazikuwa saa. Nilimwuliza siku moja kwa nini haandiki na zinazorudi. Akaniambia hizo si kazi ya programu, ni kazi ya Telesia. Nimekutana na watu wengi wasiojua kusoma, lakini mtu asiyejua kuhesabu aliyenunua ubao mzima wa kuhesabia nimemwona mmoja tu.

Mashindano yenyewe yalifanywa kwa kitabu kimoja, mwongozo wa ndoa ulioletwa na Mchungaji Elikana kwa ajili ya vijana wa usharika wake wanaotaka kuoana. Faustini na Renatus kila mmoja alipewa nakala ya mwandiko wa mchungaji akipange kitabu chote, na cha atakayemaliza kwanza ndicho kichapwe. Bwana Ndaki alituita mbele ya ubao, akafungua vifungo viwili vya shati kama mtu anayekwenda kulima, akasema programu itakayoshinda ndiyo itakayobaki, na mashine za siku hizi zina akili, hivyo kusahihisha kutakwisha. Mama Skola atabaki kukunja. Akafika kwangu. "Telesia," akasema, "wewe tutaangalia." Kila aliyewahi kuajiriwa Mwanza anajua tutaangalia ina maana gani. Ni kwamba anza kuaga. Mchana ule Mama Skola alinisogezea karanga zote zilizokuwa kwenye sinia, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu, maana Mama Skola alikuwa hagawi karanga.

Faustini alianza vibaya kwa jambo la kwao. Watu wa Ukerewe r na l kwao ni ndugu, yoyote aliye karibu anaitika. Alipiga taipu kama anavyosema, kwa hiyo prufu ya kwanza ilinijia imeandikwa kwamba mume amtafutie mke wake mahari pa kuishi, na ndoa ifungwe mahari patakatifu. Niliweka duara jekundu mara mbili, nikaandika pembeni, mahali. Yeye akachungulia, akacheka, akaniambia, "Dada Tere, usijichoshe na yote. Nyingine nitazimaliza kwa mpigo." Kumbe ndani ya Meza kuna amri: unaiambia neno hili kokote liliko liwe lile, unabonyeza mara moja, imekwisha. Alibonyeza. Kitabu kizima kikatii. Jioni ile Bwana Ndaki alimwandikia kurasa nyingi mpaka chaki ikakatika, na nyuma ya pazia Renatus alikuwa bado anamtafutia bibi harusi kisanduku.

Prufu ya pili sikuipata. Bwana Ndaki alisema prufu ya pili inakula muda, kitabu kikaenda moja kwa moja kwenye sahani, lile bati la kuchapia, na kwenye mashine. Mimi niliwekwa kukunja pamoja na Mama Skola. Sasa, mtu akishafundishwa kusoma na risasi hawezi kukunja akiwa amefumba macho. Nilikunja karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu nikasimama. Ilikuwa sura ya sita, ile ya mahari. Ndoa ya Kisukuma bila sura hiyo ni kitabu gani? Na mahari yote yalikuwa yamekwisha, kulikuwa na mahali tupu. Mahali isiwe ya kumkomoa mzazi. Mahali ilipwe mbele ya mashahidi. Kijana asiye na mahali asikate tamaa, wazee wakae naye. Mahali ya ng'ombe iangaliwe afya yake. Nilisoma hilo la ng'ombe mara mbili. Binti wa watu alikuwa ameposwa kwa zizi.

Nilimfuata Bwana Ndaki mlangoni pa ofisi yake, kijichumba cha mbao kilichokatwa pembeni, karatasi mkononi, nikamwambia mzee, sura ya sita imeharibika. Hakuitazama hata karatasi. Aliuliza nani kaniagiza kusoma. Nikasema hakuna. Akasema basi kunja. Nikarudi nikakaa. Mama Skola akaniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa macho, tukakunja. Hapa nataka nieleweke, kwa sababu kuzeeka bila kusema kweli ni kazi bure. Faustini alikuwa hatua kumi kutoka pale, nyuma ya pazia, anapiga mluzi. Ningevuta tu pazia nikamwambia, angesimamisha mashine yeye mwenyewe, alikuwa mtu wa kuona haya. Sikuvuta. Nilitaka kitabu kile kitoke kama kilivyo, kiende kanisani, kisomwe kwa sauti. Nilikunja siku nne, na kila mkunjo nilikuwa nautia ukucha vizuri ulale.

Kilisomwa kwa sauti. Mchungaji Elikana alikuja yeye mwenyewe, mtu mpole anayevua kofia hata akiingia dukani, akasalimia kila mtu kwa zamu, akaketi mbele ya Bwana Ndaki, akafungua kitabu akamwomba amsomee pale penye kidole. Bwana Ndaki akasoma. Na hapa ndipo nilipojua kwamba Mungu naye hufanya mzaha: kwa kuwa Bwana Ndaki mahari na mahali huyatamka sawa, alisoma sentensi nzima bila kuona kosa lolote. Akasema mbona ni sawa, mchungaji, mahali ilipwe mbele ya mashahidi. Mchungaji akafunga kitabu. Kisha akasema taratibu, "Bwana Ndaki, jana nimewafundisha vijana arobaini. Mmoja ameniuliza kama anapaswa kumnunulia baba mkwe kiwanja." Mashine kubwa ilikuwa imezimwa, kwa hiyo tulisikia wote. Mama Skola aliinamia meza kama anatafuta sindano. Mchungaji akasema vitabu vyote vimo ndani ya gari nje, na anavitaka vikiwa na mahari kabla msimu wa ndoa haujaanza, na karatasi nyingine hataleta.

Karatasi za kurudia hazikuwapo. Ikabidi tutengeneze kwa mkono, na njia niliijua mimi, kutoka kwa mzee Kishosha. Herufi l ni fimbo. Unachukua wembe mpya, unaparua nusu ya juu polepole usitoboe karatasi, fimbo inabaki fupi, kisha kwa kalamu ya ncha nyembamba unaiwekea kikonyo kidogo begani. Imekuwa r. Lakini usiparue kila l, kwa sababu kuna mahali zilizo halali, mahali pa kuishi, mahali patakatifu, na hapo ndipo akili ya ile mashine ilipokwama: haikuweza kujua ipi ni ipi, kwa vile haijawahi kuolewa. Kila kitabu kilinipitia mimi kwanza, naweka alama ya penseli, ndipo Mama Skola na wengine wanaparua. Bwana Ndaki aliamuru hata mainjinia watoke nyuma ya pazia. Renatus aliparua kwa siku mbili vitabu saba, vizuri ajabu, mpaka tukamfukuza.

Faustini alikaa kando yangu. Hakupiga mluzi wiki nzima. Vidole vyake vile vya mvua havikuuzoea wembe, alijikata, akawa anaweka karatasi mdomoni kuzuia damu isidondoke kwenye kitabu. Siku ya tatu au ya nne, bila kuinua uso, akaniuliza, "Dada, uliiona wakati wa kukunja?"

Nikamwambia niliiona. Nikaongeza kwamba nilimwambia Bwana Ndaki.

"Bwana Ndaki hajui hata kuiwasha ile kompyuta," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa hapo."

Nilichukua kitabu kingine nikaanza kutia alama. Baadaye akasogeza kikombe chake cha chai kwenye upande wangu wa meza, akanywa nusu akaniachia nusu, na jambo lile hakulitaja tena mpaka tumemzika. Hakumwambia Bwana Ndaki wala mtu yeyote kwamba Teresia alijua. Kwenye wasifu hilo halikusomwa. Wamesoma kasi yake, kitu ambacho hakikuwa na thamani yoyote, wakaacha hicho.

Kazi ya wembe ilituchukua wiki tatu. Siku gari la mchungaji lilipoondoka na boksi la mwisho, ubao ulikuwa bado unaning'inia kwenye nguzo na ushindi wa Meza umeandikwa kwa maandishi makubwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufuta wala kuusoma. Nilinawa mikono nikachukua chaki. Chini ya kurasa za Meza nikaanza kuandika, mwandiko wangu wa darasa la nne, siku ya mwandiko kuingia, siku za kupiga taipu, siku ya kurudi, siku za wembe, zote, mpaka siku ile ya leo. Chini ya Maboksi nikaandika siku ambazo Renatus, kwa mwendo wake wa kobe mgonjwa, angekuwa amemaliza. Angekuwa amemaliza siku sita kabla yetu. Nilipata hamu nikaongeza mstari wa tatu, nikaandika Kishosha, nikapiga hesabu ya kurasa anazopanga mtu mmoja kwa mkono na risasi, na prufu mbili. Alikuwa wa pili. Mainjinia wote wawili walisimama nyuma yangu wakasoma, na Renatus alikuwa wa kwanza kucheka, akadhani ameshinda kitu.

Bwana Ndaki akatoka ofisini. "Unaandika nini hapo, Telesia? Ubao huo ni wa kurasa."

"Naandika kurasa, mzee."

"Kurasa zilitoka mwezi uliopita."

"Zimetoka leo," nikamwambia. "Zile za mwezi uliopita zilikuwa zimekwenda kutembea."

Alisimama akatazama safu hizo tatu. Midomo yake ilikuwa inasogea, anajumlisha. Nilijua nimejiandikia barua ya kuachishwa kazi, tena kwa chaki, mbele ya mashahidi, na nilikuwa nimekwisha kukunja aproni yangu na kuiweka juu ya meza ili asipate raha ya kuniambia niivue. Alijumlisha mara ya pili. Kisha akafanya alichokuwa amekusudia tangu mwanzo, kwa sababu watu wenye saa kubwa hawabadili mawazo mbele ya watu: akasema programu ya kiwanda ni Meza, kwa sababu ina kasi, na Renatus ahamie humo kuanzia Jumatatu. Kuhusu mimi hakusema kitu. Aliingia ofisini akafunga mlango.

Jumatatu nilikuja kuchukua kikombe changu na kanga yangu. Faustini alikuwa ameshapanga kurasa za kwanza za kitabu cha nyimbo za kwaya, na zilikuwa zimewekwa juu ya meza yangu, kalamu nyekundu juu yake. Bwana Ndaki alikuwa amesimama kando, anaangalia saa. Kwenye daftari la mishahara niliendelea kuitwa mkunjaji mpaka nilipostaafu, na ubao ulishushwa wiki ileile, lakini tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliokwenda kwenye sahani bila alama yangu.

"Soma," Bwana Ndaki akaniambia Jumatatu ile, "lakini soma haraka, watu wanasubiri."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikasoma polepole.